Mapafu ya Mgonjwa Aliyepasuliwa Moyo

Watu wengi wasikiapo habari za upasuaji wa moyo hudhani kwamba hatari yote imo moyoni, na kwamba daktari akishatengeneza vali au kuziba tundu, kazi imekwisha. Dhana hiyo si sahihi. Wapo wagonjwa ambao moyo wao hutengenezwa vizuri ukaanza kupiga barabara, lakini siku ya pili au ya tatu wakashindwa kupumua. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, suala la kufa na kupona limehama kutoka moyoni likaenda mapafuni.

Makala haya yanaeleza kwa nini mapafu huumia baada ya upasuaji wa moyo, na jinsi mgonjwa aliyefikwa na hali hiyo anavyotunzwa. Yanaeleza vile vile kwa nini jambo hili, linaloonekana kuwa la hospitali kubwa za mbali, lina mizizi yake katika madarasa na machimbo ya Shinyanga na Geita. Hoja kuu ni moja: hakuna dawa moja iwezayo kuyaponya mapafu yaliyoumia vibaya. Mapafu hujiponya yenyewe, mradi yapewe muda na yakingwe yasiumizwe zaidi. Kinga hiyo huanza miaka mingi kabla ya kisu cha daktari.

Ndugu wawili katika kifua kimoja

Moyo wa mtu mzima aliyepumzika husukuma lita 5 hivi za damu kila dakika. Upande wa kushoto hupeleka damu hiyo mwilini kote. Upande wa kulia hupeleka kiasi kile kile mapafuni peke yake. Kwa hiyo hakuna kiungo kingine kinachopokea damu nyingi kama mapafu, wala hakuna kinachopata taarifa ya ugonjwa wa moyo mapema kuliko mapafu.

Ndani ya mapafu vimo vifuko vya hewa vipatavyo milioni 300. Vifuko hivyo vikitandazwa huenea eneo la mita za mraba 70 hivi, yaani zaidi ya sakafu ya darasa la kawaida. Ukuta unaotenganisha hewa na damu ni mwembamba mno: haufikii hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Wembamba huo ndio unaoiwezesha oksijeni kupenya upesi, na ndio pia unaoufanya ukuta huo uwe rahisi kuumizwa.

Ndani ya kila kifuko mna utando wa maji. Maji yana tabia ya kujivuta pamoja, nayo yangekifanya kifuko kijifunge kila mtu anapotoa pumzi. Mwili huzuia jambo hilo kwa kutengeneza ute wenye asili ya mafuta unaopunguza mvutano wa maji, kama sabuni inavyofanya katika beseni. Ute huo ukipungua au ukiharibika, vifuko hujifunga, na kuvifungua tena huhitaji nguvu nyingi. Mfano wake ni mfuko wa nailoni uliolowa: ukiwa wazi hujaa hewa kwa urahisi, lakini kuta zake zikishagandana, kuzibandua ni kazi.

Safari inayoanzia darasani

Uchukuliwe mfano wa kufundishia. Kijana wa kiume mwenye miaka 22 na urefu wa sentimita 170 amekulia katika kijiji kilicho jirani na machimbo ya Geita. Alipokuwa na miaka 9 aliugua mafindofindo, akasukutua kwa maji ya chumvi, akapona. Wiki chache baadaye viungo vya miguu vilimvimba kwa zamu, leo goti na kesho kifundo. Wazazi walisema ni dalili ya kukua. Alipofika miaka 16 aliwafuata kaka zake kwenye duara, kisha akahamia kwenye karasha la kusaga mawe. Sasa hawezi kupanda mlima mdogo bila kuhema, na usiku hulala ameketi. Kijana huyu si mtu fulani, lakini kila hatua ya maisha yake ni ya kawaida katika ukanda wa dhahabu, na kila hatua imeacha alama kifuani mwake.

Alama ya kwanza ni ya mafindofindo. Baadhi ya magonjwa ya koo huletwa na bakteria wa jamii ya streptokoki. Mwili hutengeneza silaha za kuwapiga bakteria hao, lakini kwa watoto wengine silaha hizo hukosea shabaha zikashambulia viungo na moyo wa mtoto mwenyewe. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Maumivu ya viungo hupita. Jeraha la vali za moyo hubaki. Kila shambulio jipya huongeza kovu, hata vali iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto ikawa nyembamba kama tundu la kifungo. Damu itokayo mapafuni haipiti upesi tena. Hurudi nyuma kama maji ya mfereji uliozibwa, kanieneo katika mishipa ya mapafu hupanda, na majimaji huanza kuvuja kuelekea kwenye vifuko vya hewa. Hii ndiyo sababu mgonjwa wa vali hukohoa na kuhema, hasa alalapo.

Alama ya pili ni ya vumbi. Dhahabu ya ukanda wa Geita na Kahama imo katika miamba ya kale sana, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na sehemu yake kubwa hufuata mishipa ya jiwe gumu liitwalo kwatzi. Kwatzi ni silika tupu. Jiwe hilo linapotobolewa au kusagwa likiwa kavu, hutoa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Chembe kubwa hunaswa puani na kooni. Zile zisizofikia sehemu 5 za elfu za milimita hufika hadi vifukoni. Chembe nyeupe za damu huzimeza, lakini haziwezi kuziyeyusha. Hufa, na mahali pake hubaki kovu. Pafu lenye silika hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko pafu safi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu uchimbaji mdogo wa dhahabu nchini Tanzania ulipima wastani wa miligramu 16.85 za silika katika kila mita ya ujazo ya hewa mahali pa kutobolea miamba chini ya ardhi. Kikomo kilichopendekezwa na taasisi ya Marekani ya usalama kazini ni miligramu 0.05. Hewa hiyo ilizidi kikomo mara 337.

Kijana wa mfano huu akipelekwa kwenye upasuaji, hatakwenda na moyo mbovu tu. Atakwenda na mapafu yaliyolowa kwa miaka mingi, na huenda yana makovu ya vumbi.

Saa chache bila mapafu

Zamani mgonjwa kama huyu hakuwa na njia nyingi. Wachache walipelekwa nje ya nchi, hasa India. Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa Mwanza mwaka 1971, imekuwa kimbilio la rufaa la watu wa Kanda ya Ziwa. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza nchini mwaka 2008 katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, na mwaka 2015 ikaundwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete.

Ili daktari afungue moyo na kuona ndani, lazima moyo usimame. Kazi yake na ya mapafu hufanywa na mashine. Mtu wa kwanza kufanikiwa kwa njia hiyo alikuwa daktari John Gibbon wa Philadelphia, Marekani, ambaye tarehe 6 Mei 1953 aliziba tundu katika moyo wa msichana wa miaka 18. Damu hutolewa kwenye mishipa mikubwa, hupitishwa katika mirija ya plastiki, huongezewa oksijeni, kisha hurudishwa mwilini.

Katika saa hizo mapafu huumizwa kwa njia tatu. Kwanza, hayapumui. Hulala yamenywea, na vifuko vya nyuma na vya chini hujifunga. Pili, damu inapogusa plastiki mwili hudhani umevamiwa. Chembe nyeupe huamka, nyingi kati yake hukwama katika mishipa midogo ya mapafu, na huko humwaga kemikali za vita zinazotoboa zile kuta nyembamba. Tatu, mgonjwa hupewa maji na mara nyingi damu ya watu wengine, na vyote hivyo vyaweza kuzidisha uvujaji.

Anapozinduka, mfupa wa kifua uliopasuliwa katikati humuuma. Akiogopa maumivu huvuta pumzi fupi na kujizuia kukohoa. Makohozi hubaki ndani, na vifuko vilivyojifunga havifunguki.

Kutoka dogo hadi kubwa

Karibu kila mgonjwa aliyepasuliwa moyo hupata tatizo fulani la mapafu. Kwa walio wengi ni dogo: sehemu ya pafu imenywea, au maji machache yamekusanyika kati ya pafu na ukuta wa kifua. Kwa wengine hutokea kichomi, au mapafu hulowa kwa sababu moyo bado ni mchovu.

Kwa wachache hutokea jambo baya zaidi: kuta za vifuko huvuja katika mapafu yote mawili, vifuko hujaa majimaji na ute wake huharibika. Oksijeni hushuka hata mgonjwa akipewa hewa yenye oksijeni nyingi. Hali hii ya mapafu kushindwa kazi ghafla ilielezwa mara ya kwanza kwa ukamilifu mwaka 1967 na madaktari wa Denver, Marekani, waliochunguza wagonjwa 12.

Ukali wake hupimwa kwa hesabu rahisi. Kanieneo ya oksijeni katika damu ya ateri, kwa milimita za zebaki, hugawanywa kwa sehemu ya oksijeni iliyomo katika hewa anayovuta mgonjwa. Kwa mtu mzima mwenye afya aliye pwani jibu huwa kati ya 400 na 500. Kwa makubaliano ya mwaka 2012, jibu likiwa 300 au chini yake, hali ni ya hatari ndogo; likiwa 200 au chini, ni ya kati; likiwa 100 au chini, ni kali. Mgonjwa anayevuta hewa yenye oksijeni asilimia 70 na bado damu yake ina milimita 70 tu, jibu lake ni 70 kugawanywa kwa 0.7, yaani 100. Yupo kwenye kundi la hatari kubwa.

Mwalimu wa Fizikia atagundua hapa jambo moja. Ziwa Victoria liko mita 1134 juu ya usawa wa bahari, na Shinyanga na Geita haziko chini ya hapo. Kanieneo ya hewa Dar es Salaam ni milimita 760 hivi. Mwanza ni kama 665. Ukiondoa milimita 47 za mvuke wa maji ulio katika koo, oksijeni anayovuta mtu wa Dar es Salaam ina kanieneo ya 0.21 × 713, yaani 150 hivi. Ya mtu wa Mwanza ni 0.21 × 618, yaani 130. Hivyo kipimo kile kile kikifanyiwa kanda ya ziwa humwonyesha mgonjwa kuwa mbaya zaidi kuliko alivyo. Kwa sababu hiyo, katika vituo vilivyo juu ya mita 1000 hesabu hurekebishwa kwa uwiano wa kanieneo ya mahali na ile ya pwani.

Kupumulisha bila kuumiza

Mgonjwa aliyefika hatua ya hatari kubwa huwekwa kwenye mashine ya kupumulia katika chumba cha wagonjwa mahututi. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba pafu bovu lahitaji pumzi kubwa. Hewa nyingi ilisukumwa ndani ili vipimo vya damu vipendeze. Baadaye ikaonekana kwamba sehemu kubwa ya pafu hilo imejaa maji na haipokei hewa; pumzi yote huenda kwenye sehemu ndogo iliyobaki nzima, ikaitanua kupita kiasi na kuipasua. Tiba yenyewe ilikuwa ikiumiza.

Mwaka 2000 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa la Marekani lililohusu wagonjwa 861 wenye mapafu yaliyoshindwa kazi ghafla kwa sababu mbalimbali. Nusu yao walipewa mililita 12 za hewa kwa kila kilo ya uzito, na nusu mililita 6. Katika kundi la pumzi kubwa walikufa 40 katika kila mia. Katika kundi la pumzi ndogo walikufa 31. Hakuna dawa mpya iliyotumika. Tofauti ilikuwa kipimo cha pumzi tu.

Uzito unaotumika katika hesabu hiyo si ule wa mizani. Mtu akinenepa, mapafu hayakui, akikonda, hayapungui. Kwa hiyo uzito hukadiriwa kutokana na urefu: kwa mwanamume ni 50 + 0.91 × (urefu kwa sentimita − 152.4), na kwa mwanamke 50 hubadilishwa kuwa 45.5. Kijana wa mfano, mwenye sentimita 170, anapata kilo 66. Pumzi yake iwe mililita 396, yaani chini kidogo ya mililita 400. Futi kamba ya fundi cherehani yatosha kuupata urefu huo.

Pamoja na pumzi ndogo, mashine haiachi hewa yote itoke. Kanieneo kidogo hubakizwa mwisho wa kila pumzi ili vifuko visigandane tena. Lakini hapa ndipo mgonjwa wa moyo anapotofautiana na wengine. Kanieneo hiyo ikizidi, hubana mishipa iletayo damu moyoni na kuutwisha mzigo upande wa kulia wa moyo, ambao kwa mgonjwa wa vali huwa umechoka kwa miaka mingi. Maji nayo yana pande mbili. Moyo uliotoka kupasuliwa hutaka damu ya kutosha ili usukume. Mapafu yanayovuja hutaka maji yapungue. Mgonjwa akinyweshwa kupita kiasi, hufa maji akiwa kitandani. Akikaushwa kupita kiasi, figo hukosa damu. Ndiyo maana daktari na muuguzi hupima kila saa kinachoingia na kinachotoka, hutoa dawa za kukojosha kwa uangalifu, na hawaongezi damu bila sababu ya kweli. Kazi hii haina kishindo, nayo ndiyo inayookoa.

Hatua nyingine ni kumlaza mgonjwa kifudifudi. Alalapo chali, moyo na maji huyalemea mapafu upande wa mgongoni, ambako ndiko kwenye vifuko vingi. Akigeuzwa, vifuko hivyo hufunguka. Jaribio la mwaka 2013 lenye wagonjwa 466 wenye hali mbaya lilionyesha kwamba waliolazwa kifudifudi angalau saa 16 kwa kila zamu walikufa 16 katika kila mia ndani ya siku 28, ilhali waliolazwa chali walikufa 33. Kwa mwenye kidonda kipya cha kifua kazi hii hufanywa kwa tahadhari kubwa na watu kadhaa, ili mfupa usifunguke na mirija isichomoke.

Yote yakishindikana, ipo mashine inayotoa damu mwilini, huipa oksijeni na kuirudisha, kwa siku au wiki kadhaa. Ni binamu wa mashine ya Gibbon. Lakini hata hiyo haiponyi pafu. Hulinunulia muda tu, tena kwa gharama kubwa na wataalamu wengi wa kukesha nayo.

Kinga kabla ya kisu

Kwa kuwa tiba ya hatua ya mwisho ni ngumu na ghali, busara ni kuzuia. Baadhi ya njia za kuzuia hazihitaji mashine. Mwaka 2006 watafiti wa Uholanzi waliwagawa wagonjwa 279 waliokuwa wakingoja upasuaji wa mishipa ya moyo. Kundi moja lilifanya mazoezi ya kuvuta pumzi kwa nguvu kila siku kwa wiki 2 au zaidi. Waliopata matatizo ya mapafu baadaye walikuwa 18 katika kila mia, na katika kundi lisilofanya mazoezi 35. Baada ya upasuaji mgonjwa apewe dawa ya maumivu ya kutosha, aketishwe mapema, akohoe akiwa amekumbatia mto kifuani, na atembee siku anayoruhusiwa. Mvuta sigara aache mapema kabla ya upasuaji. Mchimbaji achunguzwe kwanza kama ana kifua kikuu.

Kinga ya mbali zaidi imo mikononi mwa mchimbaji na mwalimu. Jiwe lililomwagiwa maji kabla ya kutobolewa au kusagwa hutoa vumbi pungufu sana. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chembe zile ndogo zinazofika vifukoni. Mtoto mwenye mafindofindo na homa apelekwe zahanati: penisilini ikianza kutolewa ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, huzuia homa ya baridi yabisi. Na mtoto ambaye vali yake imeanza kuguswa bado anaweza kuokolewa. Katika utafiti uliofanywa kaskazini mwa Uganda na kuchapishwa mwaka 2022, watoto 818 wenye dalili za awali zilizoonekana kwa picha ya moyo tu walifuatiliwa kwa miaka 2. Miongoni mwa waliodungwa penisilini kila mwezi, ugonjwa uliendelea kwa 0.8 katika kila mia. Miongoni mwa wasiodungwa, kwa 8.2.

Kijana wa mfano huu angeweza kukutana na mwokozi wake mara mbili kabla hajamwona daktari wa upasuaji: mara ya kwanza darasani, akiwa na miaka 9 na koo linalouma, mara ya pili kwenye karasha, kama ndoo ya maji ingemwagwa juu ya jiwe. Nafasi zote mbili zikipotea, hubaki mililita 396 za hewa, zikipimwa na kurudiwa usiku kucha na muuguzi asiyelala.

Maswali ya kujadili darasani

1. Mwanamke mwenye urefu wa sentimita 160 amewekwa kwenye mashine ya kupumulia. Kadiria uzito wake kwa kanuni iliyotolewa, kisha tafuta kipimo cha pumzi cha mililita 6 kwa kilo.

2. Eleza kwa nini kufinyika kwa vali ya upande wa kushoto wa moyo huleta maji mapafuni na si miguuni kwanza.

3. Tia sabuni kidogo katika sahani ya maji yaliyonyunyiziwa unga wa pilipili. Eleza unachokiona, na ukihusishe na ute wa vifuko vya hewa.

4. Katika eneo la shule yako, ni kazi zipi hutoa vumbi la mawe? Pendekeza njia moja ya kulipunguza ambayo wafanyakazi wa kazi hizo wataweza kuigharamia.